Risala ya Klabu ya Tenisi kwa Mgeni Rasmi, Kigamboni, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu, shikamooni. Wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kukubali kuvuka na pantoni jua likiwa kali hivi. Klabu yetu ina wanachama 23 na raketi 5. Moja imekatika nyuzi, na kwa sheria yetu hupewa aliyechelewa kufika. Wavu unaouona mbele yako ni wa kuvulia samaki. Tuliununua Feri, na mama mmoja muuza samaki akatushonea upindo wa juu kwa kipande cha shuka. Uwanja ni wa netiboli. Dada zetu wakicheza, sisi tunawaokotea mipira.

Mheshimiwa, tuliambiwa risala isiwe ndefu. Hata hivyo tunaomba tukusimulie habari za mchezaji mmoja mstaafu, Yannick Noah, maana safari yake ilianza kwa ujio wa mgeni.

Noah alizaliwa Ufaransa mwaka 1960. Baba yake, Zacharie, Mkameruni, alikuwa mwanasoka, na mwaka 1961 alitwaa Kombe la Ufaransa akiwa na timu ya Sedan. Baadaye aliumia, familia ikahamia Yaoundé, mji mkuu wa Kameruni. Mwaka 1971 Arthur Ashe, Mmarekani mweusi ambaye miaka minne baadaye angekuwa bingwa wa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, alipita mjini humo ziarani. Akapiga mipira na watoto, na mmoja wao, mwenye miaka 11, akamshangaza. Ashe hakuishia kumpongeza. Alimwachia raketi yake, kisha akamweleza Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi wa Ufaransa, kwamba kuna mtoto Yaoundé. Noah akapelekwa Nice kujifunza, mbali na mama yake. (Wazazi waliopo wataelewa kuwa hiyo nayo ilikuwa gharama.) Mwaka 1978 mtoto yule na mgeni wake walicheza pamoja Wimbledon, wawili kwa wawili.

Juni 5, 1983, akafika fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, jijini Paris, dhidi ya Mats Wilander wa Sweden, bingwa mtetezi. Wilander alikuwa mtu wa kukaa nyuma na kurudisha kila kitu. Noah hakumpa nafasi hiyo: akishaanzisha mpira, anaukimbilia wavu. Alishinda 6-2, 7-5, 7-6, na mzee Zacharie akaingia uwanjani kumkumbatia mwanawe. Hakuna Mfaransa mwanamume aliyetwaa taji la mmoja mmoja katika mashindano manne makubwa ya tenisi duniani tangu siku ile.

Mwaka 1986 alifika nafasi ya 3 duniani. Alipoachia raketi akawa nahodha wa Ufaransa asiyecheza, na mwaka 1991 wakaifunga Marekani mjini Lyon na kulirudisha Kombe la Davis, kombe la tenisi la timu za mataifa, baada ya miaka 59. Akawa pia mwanamuziki. Wenzetu wa kikapu wanamfahamu zaidi mwanawe, Joakim, aliyechezea Chicago Bulls.

Mheshimiwa, kuna mgeni aliwahi kufika hapa, akatuahidi raketi, tukapiga naye picha. Picha tunayo. Hatusemi kwa lawama. Tunaeleza tu kwa nini safari hii maombi yetu ni madogo. Tunaomba nyuzi za raketi, na mipira, kwani hii yetu imeota upara. Tunaomba pia ukuta wa nyuma ya bwalo upigwe lipu, ili mpira ukigonga urudi ulikotoka, usikimbilie jikoni.

Ombi la mwisho halina gharama. Pale mezani tumekuwekea raketi nzima. Kabla hujapanda gari, tunaomba upige mipira michache na mwenzetu mdogo kuliko wote, wa kidato cha kwanza. Anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo jihadhari sana na upande wako wa kushoto. Mwalimu wetu wa michezo hajauzoea hadi leo.

Tunaomba kuwasilisha.