Msichana akisema ana uvimbe titini, asirudishwe nyumbani

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, wasichana tunafundishwa kujichunguza matiti: simama mbele ya kioo, inua mikono, zungusha vidole. Sina ugomvi na somo hilo. Ndilo lililonifanya nigundue uvimbe wangu nikiwa na miaka 23, mdogo kama gololi, ukibonyezwa unateleza. Kinachoniuma ni kilichofuata.

Kwanza nilikaa nao miezi minne. Niliona aibu, tena haukuwa na maumivu, nami niliamini ugonjwa mbaya lazima uume. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi unapoanza. Nilipojikaza kwenda kupimwa, mhudumu hakunishika hata kidogo. "Binti, saratani ya matiti ni ya watu wazima. Hizo ni homoni, zitatulia." Tunaambiwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuendelea kuficha, nilisema, nikarudishwa.

Karibu mwaka ulipita ndipo dada yangu akanikokota kwa daktari mwingine. Huyo alinipima kwa mikono, matiti yote mawili na makwapa, akanipeleka ultrasaundi, kisha kikachukuliwa kinyama cha uvimbe kwa sindano ili kipimwe. Ilikuwa faibroadenoma, uvimbe usio saratani unaowapata sana wasichana. Namshukuru Mungu. Lakini yule wa kwanza alipatia kwa kubahatisha tu, na wapo wasichana ambao kubahatisha huko huwagharimu titi au uhai.

Ni kweli kwamba saratani ya matiti huongezeka umri unavyosonga, na kwamba uvimbe mwingi wa wasichana hauna hatari. Ila kutupata hutupata, hata wanaonyonyesha, ambao uvimbe wao hudhaniwa ni maziwa yameganda. Na msichana wa miaka 20 haitwi kwenye mamografia (picha za eksirei za matiti) za kila mara, kwa kuwa tishu za matiti yake bado ni nzito na picha haioneshi vizuri. Anayeweza kuona badiliko mapema ni yeye mwenyewe. Sasa akishaliona, akaambiwa bado mdogo, amkimbilie nani?

Tuwe wakweli pia kuhusu somo lenyewe. Utafiti mkubwa uliofanyika Shanghai, China, kwa wanawake zaidi ya 266,000, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002, ulionesha kwamba vifo vya saratani ya matiti kwa waliofundishwa kujichunguza kwa utaratibu maalumu havikuwa vichache kuliko kwa wenzao wasiofundishwa. Walichowazidi wenzao ni kuchukuliwa vinyama kwa uvimbe usio na madhara. Wapo wanaosema basi tuache kabisa. Mimi siafiki. Kujua titi lako lilivyo siku zote, ukioga au ukivaa, hasa siku chache baada ya hedhi linapokuwa limelegea, hakuhitaji ratiba wala hofu. Likija jipya, iwe uvimbe titini au kwapani, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuzama ndani au kutoa damu, hapo ndipo pa kuinuka na kwenda.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani kuhusu saratani ya matiti unataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza. Siku zangu 60 ziliisha nikingoja homoni zitulie.

Kwa hiyo naomba wanaoandaa kampeni za Oktoba wasiishie kwetu na vioo vyetu. Wakakae na wahudumu wa mapokezi ya kwanza, wawafundishe kumpima msichana kabla ya kumtuliza. Nanyi dada zangu, mkiambiwa ni homoni kabla hamjashikwa, ombeni mpimwe. Mkikataliwa, nendeni kwingine wiki hiyohiyo.

Msomaji wako