Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: walezi wa watoto wa mitaani wasikatike mradi unapoisha

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Kwa miaka sita sasa, jioni mbili kila wiki, nimekuwa pia mlezi wa kujitolea katika shirika dogo linalomuunganisha mtoto anayeishi au kufanya kazi mtaani na mtu mzima mmoja. Mtoto mmoja, mlezi mmoja. Jina la shirika silitaji, kwa sababu nikilitaja barua itaonekana ni ya kuiombea ofisi fulani fedha, na ninachokuomba kinalihusu kila shirika la aina hii mkoani kwako.

Naomba nianze na mwezi. Wanaoishi mbali na ziwa huenda hawajui kwamba dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi wanatoka na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, dagaa wanaufuata mwanga na nyavu zinawazunguka. Mwezi ukijaa, taa hazifui dafu, na mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Kwetu wachuuzi hizo ni siku biashara inapolala. Kwa mtoto anayeishi kwa kubeba ndoo, kuokota dagaa waliomwagika na kulinda gunia za watu usiku, ni siku za njaa. Ndipo anapoiba. Ndipo anapokubali kuondoka na mtu asiyemjua, na ndipo gundi ya kunusa inapokuwa rahisi kupatikana kuliko sahani ya ugali. Mlezi anayeijua hesabu hii anamfuata mtoto kabla mwezi haujajaa. Hakuna fomu niliyowahi kuijaza yenye mahali pa kuandika jambo hilo, na bado ndiyo kazi yenyewe.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alitoka Ukerewe baada ya mama yake kufariki, akapanda meli ya Nansio amejibanza kwenye mizigo. Alinipa majina manne tofauti. Sikumdai la tano. Nilikuja na ugali na mboga kwenye bakuli lenye mfuniko, tukakaa, akala, nikaaga. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Karibu miezi mitatu ilipita bila yeye kuniuliza lolote. Siku alipouliza, aliuliza hivi: "Mama, Ijumaa utakuja?"

Kuanzia pale mengine yakawezekana. Tulimpeleka kliniki, akatibiwa kidonda cha mguu alichokuwa anakificha. Tulimtafuta bibi yake kisiwani, tukampata. Bibi alimtaka mjukuu ila alikuwa hana nguvu ya kumlisha peke yake, kwa hiyo tukazungumza na shangazi, tukarudi, tukazungumza tena. Safari nne, Mheshimiwa, kabla mtoto hajalala nyumbani usiku wa kwanza, na nyingine tatu baada ya hapo. Safari hizi tatu za mwisho ndizo zilizomfanya abaki.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuishi katika mji mmoja, siutaji, ambako watoto walikusanywa kwa gari usiku, wakasafirishwa hadi wilaya walikotoka na kukabidhiwa ndugu kwa kutia saini. Wengine walirudi mjini ndani ya wiki. Kilichowafukuza nyumbani hakikuguswa: njaa ileile, kipigo kilekile, au mlevi yuleyule. Sina shaka waliofanya hivyo walitaka barabara ziwe salama. Nami nataka. Ila mtoto aliyerudishwa bila mtu wa kumfuatilia anajifunza kwamba watu wazima wenye magari pia hawadumu.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Mfadhili wa shirika letu alimaliza mradi wake wa miaka mitatu. Hakutukosea, mkataba ulisema hivyo tangu mwanzo, na alitupa kila alichoahidi. Ila nauli za walezi zilitoka kwenye fungu lile. Walezi waliokuwa wanatoka Buhongwa, Igoma na Kisesa walijikaza mwezi mmoja, wa pili wakaanza kukosa siku, na kufikia wa nne zaidi ya nusu walikuwa wameacha. Siwalaumu. Ni mama lishe, vinyozi, mwalimu mmoja mstaafu, watu ambao shilingi 1,200 ya kwenda na kurudi ndiyo mboga ya nyumbani. Mimi nilibaki kwa sababu Mwaloni ndiko kazini kwangu, sihitaji daladala. Jioni moja kijana wa miaka tisa, ambaye mlezi wake alikuwa amekosa wiki mbili, alinifuata mezani. Hakulia. Aliuliza tu: "Na yeye kaenda?"

Alisema "na yeye" kwa sababu mlezi wake alikuwa mtu wa tatu.

Mji huu haukuanza leo kuwajali watoto hawa. Waliokuwepo Mwanza miaka ya 1990 wanalikumbuka shirika la Kuleana na kazi yake ya haki za mtoto, na hadi leo sijaona neno linaloitaja kazi yetu vizuri kuliko jina lile. Mashirika mengi yamekuja tangu wakati huo, mengine yamefunga. Watoto wanaoshuka stendi ya Nyegezi na ile ya Nyamhongolo hawajaacha kushuka.

Ninachoomba ni hiki: uhai wa kazi hii usitegemee tena fedha ya mgeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lao. Haisemi mtoto aliyezaliwa pale. Inatosha awepo. Nami nimeona kwa macho yangu kwamba halmashauri ikiamua jambo inaliweza. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imeinua vikundi vingi vya wanawake sokoni, na changu ni kimojawapo. Tulikopa, tukanunua vichanja vya kuanikia, tukarejesha. Mtoto wa miaka kumi na miwili hakopesheki wala hapaswi kukopeshwa. Kwake lazima fungu liwe la aina nyingine.

Hesabu yake si kubwa. Mlezi anayekutana na mtoto mara mbili kwa wiki, kwa nauli ya kwenda na kurudi ya shilingi 1,200, anatumia kama shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 120,000. Walezi 100 ni milioni 12. Ongeza chakula cha kukaa na mtoto, mafunzo, na safari za kufuatilia familia visiwani na wilayani, itapanda, pengine mara tatu. Bado ni fedha ambayo halmashauri mbili za mjini zinaweza kuchangiana.

Nasema mbili kwa sababu mtoto wangu yule alikuwa analala Makoroboi, ambako ni Halmashauri ya Jiji, na kushinda Mwaloni, ambako ni Manispaa ya Ilemela. Hakuwahi kujua kwamba kila asubuhi alivuka mpaka. Kila mkurugenzi ana bajeti yake, ana baraza lake la madiwani, na ana maafisa ustawi wachache wenye majalada mengi kuliko saa za siku. Wewe ndiye unayeweza kuwakalisha wote wawili meza moja. Ndiyo maana barua imekuja kwako. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, na mabaraza yanapitisha makadirio miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo naomba jambo hili liingie mapema, kabla meza haijajaa.

Lipo na la pili, ambalo halina gharama kubwa. Usiku mmoja mtoto ninayemlea alishikwa na kupelekwa kituoni. Nilikwenda. Askari aliniuliza kwa adabu kabisa: "Mama, wewe ni nani kwake?" Sikuwa na jibu linaloingia kwenye kitabu chake. Si mama, si shangazi, wala sina karatasi ya mahakama. Nilisubiri nje hadi asubuhi. Shuleni ilikuwa hivyohivyo. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umefungua mlango kwa wanafunzi waliokatiza masomo, na MEMKWA ipo kwa watoto walioikosa elimu ya msingi, lakini mwalimu wa shule moja hakujua ampokee mtoto kutoka mkononi mwa nani. Afisa Elimu Kata ndiye aliyetuokoa, na bado namshukuru.

Walezi wachunguzwe na Ustawi wa Jamii, wafunzwe, kisha wapewe utambulisho wenye muhuri. Uchunguzi uwe mkali. Anayejipendekeza kwa watoto wasio na mtu wa kuwatetea si lazima awe mwema, na katika miaka sita hii nimemwona mmoja tuliyelazimika kumwondoa. Karatasi hiyo itamsaidia askari, itamsaidia mwalimu, na itamlinda mtoto dhidi ya watu kama sisi tunaokuja na bakuli la ugali.

Kwa wanaotuletea sabuni, sukari na nguo siku za sikukuu, asanteni, watoto huvaa na hula. Niwaombe tu, ukiguswa, jiandikishe uchunguzwe, ubaki na mtoto mmoja hata mwaka. Na wewe mwenye duka au boti, mlipie mlezi mmoja nauli.

Mtoto wa Ukerewe sasa yuko kidato cha pili. Husimama kwenye simu ya shangazi yake Ijumaa jioni na kunieleza hesabu zilizomshinda, ambazo mimi sizijui, na tunazizungumza hivyohivyo.

Yule wa miaka tisa hajapata mlezi mwingine. Kwa sasa nimemchukua mimi, ingawa tunatakiwa kuwa na mtoto mmoja mmoja. Mwezi huu unakua tena. Siku mitumbwi itakaposimama nitakuwa naye pale upande wa vichanja, saa kumi na mbili jioni, Jumanne na Ijumaa. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, karibu. Uje bila msafara, maana akiona magari mengi atakimbia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchuuzi wa dagaa na mlezi wa kujitolea,
Mwaloni, Kirumba

Nakala: Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza, Mkurugenzi wa Manispaa ya Ilemela