Kamati ituandikie masharti ya kubadilisha nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Huku kwetu Mikindani ukitaka kugusa nyumba kwa nje, hata kama ni kubadilisha mlango tu au kuongeza kibaraza, unaambiwa kwanza upite kwa kamati ya wakazi, na mimi sikatai kabisa maana bila hivyo mtu anaamka asubuhi anajenga fensi mpaka katikati ya uchochoro halafu siku ya msiba jeneza halipiti. Shida kamati yenyewe haina hata karatasi, leo unaambiwa rangi nyeupe tu, kesho jirani kapaka bluu inawaka na geti la bati juu na hamna aliyemuuliza.

Halafu wanakazania rangi, chenye madhara hawakigusi. Hizi nyumba za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukizipiga plasta ya simenti unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unavimba, plasta inabanduka mapande mapande na kuondoka na jiwe. Hapo ndo pa kumbana mtu jamani!

Na watu wajue, kukubaliwa na kamati siyo kibali cha ujenzi. Kibali unaombea halmashauri, na ramani zako na vielelezo vya umiliki, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo.

Ombi langu waandike masharti wayabandike ofisi ya mtaa, na ukikataliwa upewe sababu kwa maandishi, siyo "subiri tutakuita".

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara