Afande, binti yangu asiambiwe "futa"
Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi Mkoa wa Kilimanjaro

Afande Kamanda, pole na majukumu.

Mimi ni mama wa hapa Moshi, nauza mitumba soko la Memorial. Nakuandikia kwa ajili ya neno moja ambalo binti yangu aliambiwa kwenye kaunta ya kituo kimoja cha polisi: "Futa."

Ilianza kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara. Mtu mwenye laini ngeni alirusha picha ya binti yangu, kaitoa kwenye status yake, juu yake kaandika kwamba amekula hela za kikoba na anatembea na waume za watu. Hadi jioni picha ilikuwa imefika magrupu ya Pasua na Majengo, mpaka la kwaya yetu. Walioisambaza ni watu tunaosalimiana kila asubuhi, na hao nimeshawaambia wenyewe. Siku ya tatu zikaanza meseji za usiku: "Tunajua unafunga meza saa ngapi na unapita njia gani." Hapo umbea umeisha, Afande. Hicho ni kitisho.

Binti aliitoa simu mlio, akaiviringisha kwenye kitenge na kuiweka chini ya gunia la nguo. Hata hivyo kila ikitetemeka nilikuwa naona mabega yake yanapanda. Wateja wakija, wanashikashika blauzi, wanamtazama yeye, wanaondoka. Baada ya wiki mbili akaacha kuja sokoni.

Askari wa zamu hakuwa mtu mbaya. Alitusikiliza, akasema mambo ya mtandaoni ni ya kupuuza, futa hizo meseji, wabloku, mwanangu ukalale. RB, ile namba ya kuonyesha umeripoti, hatukupewa. Binti akafuta palepale mbele yake, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nisiseme kitu. Mteja wangu mmoja ambaye ni mwanasheria ndiye aliyetuambia kwamba tulichofuta ni ushahidi.

Ndiye pia aliyenisomea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuandika amri kwa yeyote mwenye taarifa zinazohitajika kwenye upelelezi, azitoe. Na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Januari 2020 tulipanga foleni hadi miguu ikavimba. Najua wapo wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine, lakini hata huyo mwenye jina ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Sheria hii tumezoea kuisikia mtu anapokamatwa kwa kumsema kiongozi. Kwa hiyo vituoni inajulikana. Naomba ikumbukwe pia siku anapokuja muuza mitumba.

Ninachoomba ni agizo lako kwa kila kaunta ya mkoa huu. Mtu akija na simu ya namna hii, aambiwe asifute kitu. Meseji zipigwe picha namba, tarehe na saa vikionekana, ziandikwe kitabuni, apewe RB. Kama ni binti au mtoto, apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto, akae kwenye kiti na mlango ufungwe. Binti yangu alisimulia habari ya "waume za watu" mbele ya foleni ya watu waliokuja kuripoti vitambulisho vilivyopotea, na sauti ilikuwa inamkatika.

Jumamosi iliyopita alirudi mezani, nusu siku tu. Jumapili usiku meseji nyingine ikaingia, laini nyingine. Hii hatujaifuta. Ijumaa asubuhi tunaileta kituo kilekile.

Mama muuza mitumba,
Memorial, Moshi