Kibao cha KIMYA maktaba kinamlinda nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii itakuwa ndefu mnisamehe, nimekaa nayo rohoni wiki tatu na nimeiandika lindoni usiku kwenye simu kidogo kidogo, kwa hiyo kama kuna sehemu haijakaa sawa nyie mtanyoosha.

Mimi ni mlinzi wa usiku, lindo langu lipo Upanga. Nikitoka asubuhi siendi Mbagala moja kwa moja, napitia chai na chapati mbili, nasubiri maktaba ifunguliwe, naingia nasoma mpaka saa sita mchana ndo naenda kulala. Nina miaka 47. QT, ule mtihani wa maarifa wa kuruhusiwa kufanya wa form four, nilishafaulu, na Novemba nakaa form four kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, vijana mle ndani wananiita babu na mimi naitika, sina noma. Maktaba ni ya umma, ipo hapahapa mjini, jina silitaji maana sitaki mtu apoteze kibarua kwa ajili ya barua yangu.

Sasa siku hiyo ilikuwa Jumatano, joto lile la Dar la kukaa karibu na feni, ukumbi umejaa. Meza ya mbele yangu alikaa binti mmoja, miaka kumi na saba au kumi na nane hivi, ana pastipepa za Baiolojia kazitandaza. Akaja kaka mmoja kavaa vizuri, shati kachomekea, laptopu begani, akakaa pembeni yake wakati viti vya upande wa pili vipo. Binti akahama meza. Dakika kumi tu kaka naye kahama, anasema anatafuta soketi ya kuchaji. Binti akahama tena akaja karibu kabisa na mimi. Nimeona yote haya Mhariri, niseme ukweli, nikajiambia ni mambo ya vijana hayo, nikarudi kwenye hesabu zangu. Baadaye nikasikia simu ya binti inatetemeka mezani, inatetemeka, inatetemeka, mpaka akaipindua uso chini, halafu yule kaka akainuka akamwinamia sikioni akasema kitu, ndo binti akapaza sauti, "Kaka niache! Nimekwambia niache!"

Ukumbi mzima ukageuka, na mtu wa kwanza kusema "shhhhh" alikuwa mimi.

Yani mdomo ulitangulia, kichwa kikafuata. Kibao cha KIMYA kipo juu ya kichwa changu pale ukutani, herufi nyekundu, nimekizoea miaka miwili. Dada wa kaunta akaja haraka, akamwambia binti kwa upole kabisa, wala hakumfokea, "mdogo wangu kelele haziruhusiwi, naomba utoke nje kidogo utulie." Binti akabeba begi akatoka, karatasi kaziacha. Kaka akakaa chini, akafungua laptopu akaendelea na mambo yake. Hakuulizwa hata swali moja.

Nilivyotoka nilimkuta ng'ambo ya barabara kwenye kivuli cha muuza madafu, kalia tofali, macho mekundu. Akaniamkia shikamoo, nikaitika kwa aibu. Akanionyesha simu, meseji kama thelathini, nyingine siwezi kuziandika gazetini. Nikamuuliza umempa namba wa nini binti yangu. Akasema, "Anko, mi sijampa namba. Tunaandikaga pale getini."

Na ni kweli, pale mlangoni kuna lile daftari kubwa, kila anayeingia anaandika jina, anapotoka, namba ya simu, saa, anasaini. Lipo wazi mezani na kalamu imefungwa na uzi. Ukiingia baada ya mtu unasoma kila kitu chake, na ukitaka ya jana unafunua. Mimi mlinzi nimesaini madaftari ya namna hiyo nusu ya maisha yangu, nimewasainisha watu maelfu, haijawahi kunipitia akilini kwamba kwa msichana lile ni tangazo la namba yake mezani. Ijumaa yake nikakaa makusudi karibu na geti, nikamwona yule yule kaka anasaini, kamaliza, halafu dole gumba likarudisha ukurasa mmoja nyuma, taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vyakula hotelini. Nikamwambia askari wa getini. Akanijibu, "mzee, yule ni msomaji kama wewe, hajaiba kitabu."

Jibu hilo limenikaa sana, maana ni jibu ambalo na mimi ningelitoa. Mlinzi wa maktaba kafundishwa kukagua begi wakati unatoka, asije mtu akatoka na kitabu, hajafundishwa kwamba msomaji naye anaweza kuibiwa kitu akiwa kakaa kwenye kiti, na sisemi simu tu, ingawa simu nazo zinaondoka sana pale kwenye soketi. Ukisoma masharti yaliyobandikwa ukutani utaona kitabu kimelindwa, meza imelindwa, ukimya umelindwa. Usile, usichane kurasa, usiongee. Hakuna mstari hata mmoja unaosema usimsumbue mwenzio, wala ukisumbuliwa uende kwa nani. Matokeo yake anayesumbua kwa sauti ya chini yupo ndani ya sheria, na anayepiga kelele kujitetea ndo mvunja sheria!

Na sheria ya nchi haisemi hivyo, nimeisoma humohumo maktaba, rafu ya sheria ipo kona ya kushoto na vumbi lake. Tangu ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138D, kumsumbua mtu kingono hata kwa maneno tu au vitendo ni kosa, unaweza kwenda jela mpaka miaka mitano. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na nusu ya wanaokaa pale mchana kwa macho yangu ni wa umri huo. Na hilo daftari la getini nalo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ukichukua namba ya mtu unatakiwa uilinde. Sasa uzi wa daftari lile unalinda kalamu tu.

Kuna mtu atasema basi suluhisho ni kuwa wakali getini, kuchuja watu. Hapo ndo naogopa. Nimeona ukali wa getini unavyofanya kazi Dar, unaanzia miguuni. Mwenye kandambili anarudishwa, mbeba mizigo wa Kariakoo aliyekuja kupumzika kwenye feni na kusoma gazeti anaambiwa ananuka jasho, yule mwenye shati la kuchomekea anafunguliwa mlango. Na nani alikuwa msumbufu katika hadithi yangu? Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967, na 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mambo yale yalilenga watu wa kandambili kama mimi. Mwangalieni mtu anachofanya, mambo ya alivyovaa mwachieni fundi cherehani wake.

Hata huo ukimya wenyewe wauangalie upya. Kuna kijana mmoja haoni, anakuja na mwenzake anamsomea, kwa sababu kitabu anachotaka hakipo kwa nukta nundu. Wanakaa pembeni kabisa wananong'ona, kila baada ya muda mtu anawapigia shhhh. Wapewe tu chumba, hata kile cha stoo chenye viti vibovu.

Mimi sio mkutubi, ila ulinzi naujua, na mambo mengi hapa hayahitaji wafadhili wala mradi. Daftari litolewe, kila mtu ajaze kikaratasi akitumbukize kwenye boksi lenye kufuli, imeisha. Mtu mmoja wa maktaba azunguke ukumbini kila baada ya muda, haina haja ya kuongea na mtu, apite tu aonekane, sisi lindoni tunaita doria na mwizi anaiogopa doria kuliko rungu. Kule upande wa watoto mtu mzima asiye na mtoto asikae, aulizwe kwa heshima, kama anafanya utafiti atajieleza. Taa ya korido ya kwenda choo cha wanawake imeungua tangu kabla ya Ramadhani, jamani taa ni shilingi ngapi? Na kaunta wawe na OB, daftari la matukio. Kila lindo lina OB, hata godauni la mbao lina OB, unaandika saa fulani fulani kafanya hiki, siku ya tatu ukiona mtu yule yule karudia unajua una kesi, na polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto unakwenda na maandishi mkononi. Bila maandishi kila siku ni siku ya kwanza, kaka anaanza upya na binti mwingine.

Kubwa kuliko yote kwangu ni kwamba aliyelalamika asiwe ndo wa kutolewa nje. Mtoe anayelalamikiwa, mkae naye kaunta mumsikilize naye, labda ana maelezo, lakini binti abaki na kiti chake. Na pale chini ya KIMYA wabandike karatasi nyingine, ukisumbuliwa sema, hata kwa sauti, na namba ya kaunta ya kutuma meseji kwa wale wasioweza kusema mbele za watu. Waweke na 116, ile ya msaada kwa mtoto, ni bure kupiga.

Dada wa kaunta nilimweleza wiki iliyopita. Alinisikiliza vizuri, akanyamaza, akasema hata yeye alishawahi kuhamishwa meza na mtu akiwa chuo. Akaniambia niandike maoni niweke kwenye sanduku. Nimeweka. Sanduku lina kutu kwenye kufuli, ndo maana nimewaandikia na nyie.

Yule binti sijamwona tena mpaka leo, na mtihani unakaribia. Pastipepa zake za Baiolojia ninazo, swali la saba kaliandikia majibu nusu, nimezikunja vizuri ndani ya daftari langu. Kama anasoma gazeti hili, au nyumbani kwao wanasoma, mimi nipo meza ile ile ya karibu na feni, asubuhi mpaka saa sita.

Ni mimi msomaji wenu,
Mlinzi wa usiku, Upanga,
Dar es Salaam