Barua kwa mwanangu: ile hela ya chumba

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi na mama yako tu wazima. Nakuandikia kuhusu hela yako ya chumba. Nilikuambia mtandao unasumbua. Haikuwa kweli, na tangu siku ile silali vizuri.

Jumamosi mteja wetu wa dagaa alinialika kula kwenye hoteli moja ya ziwani yenye kasino. Chakula ni bufee: unalipa mara moja, unapakua mpaka uchoke. Nilikula sato mzima wa kukaanga na pilau, nikarudia. Dirishani taa za Mwanza zinawaka juu ya mawe, pazuri kweli. Tulipomaliza tukaingia kwenye ruleti, ile kamari ya kubahatisha kimpira kitalala wapi kwenye gurudumu.

Gurudumu lina vishimo 37: vyekundu 18, vyeusi 18, na sifuri ya kijani. Pembeni kuna kioo kinachoonyesha namba zilizokwisha kutoka. Zilikuwa nyeusi tano mfululizo. Nikajiambia, sasa lazima ije nyekundu. Nikaweka 20,000, ikaja nyeusi. Nikaweka 40,000, kimpira kikarukaruka, kikalala kwenye sifuri, hapo wa nyekundu na wa nyeusi wote tukaliwa. Nikaweka 80,000. Nyeusi tena. Laki na arobaini, mwanangu, na chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Nimewaza sana. Ziwani mbalamwezi ikikunyima dagaa, unajua giza linakuja, na giza likija karabai zinawaita. Kusubiri huko ndiko kumekusomesha. Nikadhani na gurudumu lina giza lake. Halina. Kila likizungushwa linaanza upya, nyekundu ina vishimo vyake vilevile 18 kati ya 37, hata zitangulie nyeusi mia.

Mwezi uliopita nilikufokea kwa ajili ya mikeka yako ya kubeti, nikakuita mjinga mbele ya wadogo zako. Nisamehe, baba. Sasa naijua ile sauti ya "mara hii tu", inavyojifanya akili. Kama bado unabeti, niambie. Sitafoka.

Hela utaipata Ijumaa, nikishauza magunia mawili ya dagaa pale soko la Mwaloni. Mwombe mwenye nyumba akuvumilie mpaka hapo. Mama yako nimemwambia yote. Alinyamaza siku mbili. Leo asubuhi ndiyo kaniuliza kama nitakunywa uji.

Ni mimi baba yako.