Wafungulieni watoto uwanja kabla mvua haijaanza

Kwa Mhariri,

Juzi dadangu alitupigia video kutoka Leicester kule Uingereza, watoto wake walikuwa nyuma yake wanakimbizana kwa nyasi na makoti yao makubwa, akatuambia baridi inaisha, springi inakaribia, na Jumapili ya mwisho ya Machi wanasongeza saa mbele kwa lisaa limoja ndio jioni iwe ndefu. Huko Desemba jua linazama hata kabla ya saa kumi jioni, kwa hivyo watu wanaingoja hii miezi vile mkulima anangoja mvua. Simu ilipokatika binti yangu wa miaka sita akaniuliza, baba, kwetu springi inakuja lini? Nikamwambia kwetu hakuna springi, kwetu kuna jua la Januari na Februari, halafu mvua, halafu ile baridi ya Julai. Akafikiria kidogo akaniuliza, sasa kama jua liko, si twende nje?

Sikuwa na jibu la kumpa. Ndio nikaamua kuandika hii barua, na naomba sana muichapishe mapema, mvua ikishaanza haitakuwa na maana tena.

Mimi naishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya nne. Nafanya kazi ya usiku Indastrial Eria, na mama watoto anauza viatu vya mitumba Gikomba, na kila mtu anajua Jumamosi ndio siku ya kuuza, kwa hivyo Jumamosi mimi ndiye niko na watoto kutoka asubuhi mpaka arudi. Tuko na huyo msichana wa miaka sita na ndugu yake anaenda miaka mitatu. Nyumba ni chumba kimoja tumekigawa na pazia, na dirisha letu linatazama ukuta wa ploti ya jirani, ukinyoosha mkono unakaribia kuushika. Mchana tunawasha taa. Mtu ambaye hajaishi huku anaweza kudhani naongeza chumvi lakini wenye wako huku wanajua, tokeni za stima zinaisha saa nane mchana wakati nje jua linachoma mabati.

Mwaka jana mwezi wa kumi tuliona miguu ya huyu mdogo haiko sawa. Alikuwa amechelewa kutembea, na alipoanza alikuwa anayumba, magoti yameachana. Watu walituambia atanyooka tu, watoto wako hivyo, na mimi nilitaka kuamini hivyo. Mama yake akakataa akampeleka kliniki na mimi nikaenda nao moja kwa moja kutoka kazini bila kulala. Nesi alimwangalia, akamshika vifundo vya mikono, akatuuliza swali moja ambalo sijawahi kulisahau. Huyu mtoto huwa anapata jua?

Yalikuwa matege. Alitueleza polepole, na namshukuru kwa sababu hakutugombeza. Alisema ngozi ikipigwa na jua ndio mwili unatengeneza vitamini D, na bila hiyo vitamini mifupa haichukui kalsiamu vizuri, inabaki laini, halafu mtoto akianza kusimama uzito wake mwenyewe unaikunja. Mama yake akasema lakini huwa namuweka karibu na dirisha. Nesi akasema jua la kupitia kioo halisaidii, ile miale inayofanya hiyo kazi haipiti kwa kioo, na hata hivyo dirisha lenu mnasema linatazama ukuta. Alipewa dawa, tukaambiwa mayai, maziwa, omena azile na mifupa yake, na nje kila siku. Miguu imeanza kunyooka, na sasa anakimbia ndani ya nyumba mpaka jirani wa chini anagonga siling'i yake na fimbo ya ufagio. Simlaumu huyo jirani, naye anafanya kazi ya usiku kama mimi.

Mhariri, hapo ndipo uchungu wangu uko. Hii Nairobi iko karibu sana na ikweta, na katikati ya Machi jua linapita sawasawa juu ya utosi. Ukisimama mahali wazi saa saba kasoro dakika ishirini hivi kivuli chako kinaisha chini ya viatu vyako. Hakuna mtoto Uingereza ameona hiyo. Na katika mji kama huo mtoto wangu aliambiwa amekosa jua. Sisemi watoto wote wa Pipeline wana matege, hapana, lakini nesi alituambia sisi si wa kwanza kumletea, na nikiangalia watoto wa hii ploti yetu, wale ambao hawajaanza shule, nashindwa kusema ni lini waliguswa na jua lisaa limoja mfululizo.

Maana wataguswa wapi? Wacha niwapitishe. Koridoo ni nyembamba, kuna ndoo na mitungi ya maji kila mlango, watoto wakicheza hapo keateka anawafukuza kwa sababu landilodi amemwambia hataki kelele, na jua halifiki koridoo hata hivyo. Ngazi ni giza. Juu kabisa kwa kamba za nguo jua liko, lakini ule ukuta wa pembeni unanifika kiunoni tu, na kila mkaaji wa huku ameshawahi kusikia mtoto ameanguka kutoka ghorofani, mimi wangu hawapandi huko bila mtu mzima na ninyi wazazi wenzangu nawaomba msiwaruhusu. Barabarani ni boda boda, mikokoteni ya maji na maji taka yanapita katikati. Hapo chini kwa ploti kulikuwa na kajinafasi, tulipohamia watoto walikuwa wanarukia kamba hapo, lakini siku hizi ni pakingi ya magari matatu na ukuta umeandikwa watoto wasicheze hapa.

Kwa hivyo wanabaki kwa nyumba na wanabaki na simu. Mnajua Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anafaa awe na angalau dakika 180 kwa siku za kutembeza mwili, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za nguvu za kumtoa jasho, na skrini isizidi lisaa limoja. Nilihesabu Jumamosi moja kwangu. Sitaandika hapa nilichopata, ila siku hiyo ndio nilianza kuwashusha wote wawili saa tatu asubuhi tukazunguka tu barabarani tumeshikana mikono, mimi bado na usingizi wa usiku, kwenda mpaka Outer Ring na kurudi. Wanatembea vizuri. Lakini kutembea umeshikwa mkono pembeni ya matatu si kucheza, mtoto mdogo anataka kuachiliwa.

Mimi nililelewa Jericho. Zile nyumba zilijengwa na kaunsili na zilikuwa ndogo kama hii yangu, vyumba vilikuwa vidogo kabisa na tulikuwa sita, lakini ukifungua mlango uko nje. Uko kwa ardhi. Tulicheza kati, tapo, brikicho, wasichana wakicheza blada na sisi bano, wale wadogo kabisa wanapika kalongolongo na mikebe, na Camp Toyoyo ilikuwa pale watu wakubwa wanapiga mpira wa kweli. Miezi kama hii ndio ilikuwa mizuri zaidi, vumbi, jioni zina joto, halafu siku moja mvua ya kwanza inapiga na kumbikumbi wanatoka chini ya taa, tunakimbizana nao na ndoo. Hakuna mzazi alikuwa anatuchunga rasmi, kila shosho alikuwa na jicho. Nikimweleza binti yangu haya ananisikiliza kama namsimulia nchi nyingine, na ni mwendo wa matatu moja kutoka hapa.

Nimesikia wengine wakisema peleka watoto Uhuru Park. Tumewapeleka, ni pazuri na walifurahi sana, lakini nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, wakanunuliwa na soda, hiyo ni pesa ya unga wa siku kadhaa, na mdogo analala kwa matatu kabla tufike nyumbani. Hiyo ni kitu ya sikukuu. Mtoto wa miaka miwili hahitaji sikukuu, anahitaji kila siku, na karibu na mlango wa kwao.

Na hapa karibu uwanja uko. Sitaitaja shule, lakini ni ya serikali, uwanja wake una nyasi upande mmoja na vumbi upande mwingine na miti mitatu mikubwa, na kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi geti lina kufuli. Jumamosi ukipita hapo unaona watoto wamesimama wamebandika nyuso kwa waya wanaangalia ndani. Wangu pia. Mdogo hushika ile waya na kusema "ndani", ni mojawapo ya maneno aliyoyajua mapema.

Nilienda kumuona mwalimu mkuu. Alinipokea kwa heshima na alinieleza ukweli wake, kwamba walishawahi kufungua wakati fulani, mifereji ikavunjwa, dirisha la darasa likapasuliwa, na mtoto akiumia pale mwenye kuulizwa ni yeye. Nimemuelewa kabisa, mimi mwenyewe ningeogopa. Lakini hilo ni jambo la watu kukaa chini na kukubaliana, si jambo la kufuli milele.

Naomba wenye shule na bodi zao, hapa kwetu na kwingineko, wafungue Jumamosi masaa mawili tu, saa tatu mpaka saa tano, kwa watoto wa chini ya miaka minane wakiwa na mzazi. Si mechi, si vijana wa mpira, ni wadogo. Wazazi waandikishe majina getini, maji tutabeba wenyewe ili mifereji ibaki imefungwa, tukitoka tunafagia. Na malandilodi ambao mko na pakingi, Jumapili asubuhi magari yakienda kanisani hiyo nafasi ni tupu, ondoeni tu yale maandishi kwa ukuta kwa hayo masaa. Kaunti nayo inapopitisha ramani za hizi ghorofa iulize mtoto atakaa wapi, maana ploti inajengwa mpaka inakula mpaka wa mwisho wa ardhi na hakuna anayeuliza, lakini hilo litachukua miaka na wangu wanakua sasa. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa 1990, na kifungu cha 31 kinasema waziwazi mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kimewekwa pamoja na haki ya shule na ya matibabu.

Mbona haraka yote hii? Kwa sababu angalieni kalenda. Siku za wiki huyu mkubwa anatoka saa kumi na mbili na nusu, anarudi jioni na kazi ya shule, kwa hivyo jua lake ni la wikendi. Mvua ndefu zinaanza Machi, Aprili ndio inamwagika zaidi, na Aprili hiyo hiyo ndio shule zinafungwa likizo. Yaani siku ambazo mtoto yuko huru ndio siku ambazo huwezi kumtoa. Mitaro inafurika, maji meusi yanafika mpaka ngazi ya kwanza, nguo hazikauki tunazianika ndani mpaka ukuta unatoa jasho, kifua kinaanza kwa mdogo kinahamia kwa mkubwa. 2024 wote tunakumbuka, watu wengi walipoteza maisha kwa mafuriko, shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29 zikasukumwa mbele, zikasukumwa tena, zikafunguliwa Mei 13. Mdogo wangu alikuwa bado mchanga kabisa. Hizo wiki zote hakutoka nje ya ile nyumba, tulikuwa tunamkinga na maji na baridi na tulidhani tunafanya vizuri. Huwa nazikumbuka kila nikimvalisha suruali na kuona vile magoti yake bado hayajakutana.

Kwa hivyo zimebaki Jumamosi chache sana. Nne, labda tano Mungu akipenda.

Kwa ploti yetu tumekubaliana wazazi tisa, baba wanne na mama watano, tutashika zamu wawili wawili kila Jumamosi, na shosho wa chini amesema atakaa getini na kitabu cha majina kwa sababu yeye anamjua kila mtoto na mama yake. Mmoja wetu ni fundi wa mabomba, amejitolea kukarabati ile mifereji iliyovunjika bila malipo. Barua tumempelekea mwalimu mkuu Jumatatu na sahihi zote. Tunangoja ufunguo.

Baba wa watoto wawili,
Pipeline, Nairobi